Kole ya tapi: harufu yake ni moto

Sisi watu wa Sange tunajua moto. Tarehe 2 Julai 2010 kamyo ya esanse ilipinduka hapa kwetu, ikawaka, watu zaidi ya 230 wakafa.

Basi ndugu, ukibandika tapi mu bwato kule Uvira, kumbuka: kole ya njano ya mafundi viatu nayo inatoa mvuke unaowaka. Ni muzito kuliko hewa, unakaa chini mu bwato, sawa vile hewa mubaya inakaa mu shimo la dhahabu.

Fanyia kazi inje. Pakaa kole ku mbao na ku tapi, ngoja mpaka isinate ku kidole, ndipo ukandamize. Sigara na mbabula, mbali kabisa.