Meli Iliyopita Dodoma Ndani ya Makasha

Masimulizi ya Wagogo yanasema tembo alikwenda kunywa maji, akazama kwenye tope na kushindwa kutoka. Waliomwona wakasema "idodomya", yaani imezama, na jina la Dodoma likatokana na neno hilo. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka wa kawaida hupata mvua isiyofika milimita 600. Mtu anaweza kuzaliwa Chamwino, akakua na kuzeeka bila kuiona meli hata moja.

Hata hivyo, mwaka 1914 meli ya chuma yenye urefu wa takriban mita 71 ilipita Dodoma. Ilisafiri juu ya mabehewa ya Reli ya Kati ikiwa vipande vipande, imefungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikielekea Kigoma. Wajerumani walikuwa wameipa jina la Graf von Goetzen, kwa heshima ya aliyekuwa gavana wao wa Afrika Mashariki. Watanzania wanaijua kwa jina jingine: MV Liemba.

Kwa wapenzi wa kuunda meli ndogo za modeli, safari hiyo ina maana ya pekee. Wao hununua kasha lenye vipande vyenye namba na karatasi ya maelekezo, wakaviunganisha mezani hadi meli ikatokea. Liemba ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo, tofauti ikiwa ukubwa tu. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha na kusafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilipandishwa kwenye reli ya takriban kilomita 1,250. Karakana ilituma mafundi wake watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waje kuiunganisha upya Kigoma pamoja na mafundi wa Kihindi na wafanyakazi wa Kiafrika. Kipande kwa kipande, ribiti kwa ribiti, meli ilisimama. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho kufika Maziwa Makuu kwa mtindo huo. William Mackinnon, iliyotengenezwa Uskoti, iliunganishwa Kisumu na kushushwa Ziwa Victoria mwaka 1900. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, nayo ilitoka Uskoti ikiwa vipande. Mahali ambapo maji yako mbali na bahari, meli hufika ikiwa imefungwa kama mzigo.

Ukubwa mezani

Jambo la kwanza ambalo mtengenezaji wa modeli huamua ni skeli. Wanaolikumbuka somo la ramani shuleni hawatapata shida. Skeli ya 1:100 ina maana kwamba sentimita moja ya modeli inasimama badala ya sentimita 100 za meli halisi. Kwa skeli hiyo Liemba inakuwa na urefu wa sentimita 71 na upana wa sentimita 10 hivi. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita mbili, na baharia wa kimo cha kawaida hafiki milimita 18. Kwa skeli ya 1:200 meli nzima inakuwa na sentimita 35 na nusu, inatosha kwenye rafu ya vitabu.

Uzito una hesabu yake, na hapo wengi hukosea. Urefu ukipunguzwa mara 100, upana nao hupunguzwa mara 100, na kina vilevile. Kwa hiyo uzito hupungua mara milioni moja. Meli ya tani 1,000 ikitengenezwa kwa 1:100 inapaswa kuwa na kilo moja tu ili ikae majini kwa kina sahihi. Kwa 1:200 inapaswa kuwa na gramu 125, uzito wa ndizi moja. Mtu akijaza mbao nzito na rangi nyingi bila kupiga hesabu hiyo, modeli yake itazama chini ya mstari wa maji uliochorwa ubavuni.

Makasha ya modeli huja kwa aina kuu mbili. Ya plastiki yalienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa meli yake ya kwanza ya kuunganisha, Golden Hind, mwaka 1952, na tangu hapo mamilioni ya watoto wamejifunza kukata vipande kutoka kwenye fremu na kuvigundisha. Ya mbao hufuata mpangilio ambao fundi yeyote wa pwani angeutambua: mkuku chini, mataruma yakisimama juu yake kama mbavu, kisha mbao nyembamba zikipindwa kufuata umbo kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma.

Meli ya mwaka upi?

Anayeunganisha vipande kwa kufuata maelekezo atapata meli inayofanana na picha iliyo juu ya kasha. Kazi inayowapa wapenzi wa modeli furaha kubwa zaidi huanzia hapo, pale wanapoibadilisha ili iwe chombo fulani, cha mahali fulani, kwa wakati fulani. Liemba ni mfano mzuri, kwa sababu bodi ile ile imeishi maisha kadhaa.

Anayetaka kutengeneza meli ya mwaka 1915 lazima aiwekee mzinga. Manowari ya Kijerumani ya Königsberg iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai mwaka huo. Mizinga yake ya milimita 105 iliokolewa, na mmoja ukapelekwa hadi Ziwa Tanganyika kufungwa kwenye Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nyingi ili kutu isiile. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924 na kukuta injini zikiwa bado nzima. Ilirudi kazini mwaka 1927 ikiwa na jina la Liemba, jina la ziwa ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini.

Basi modeli ya 1927 haina mzinga, ila ina dohani ya meli ya mvuke. Modeli ya Liemba waliyoipanda abiria wengi walio hai leo ni nyingine tena, kwa sababu katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa na injini za dizeli zikachukua nafasi yake. Mtengenezaji makini huchagua mwaka kabla hajafungua gundi. Baada ya hapo hukusanya picha za mwaka huo, na kila kipande kisicholingana nazo hukiweka pembeni.

Mabadiliko ya namna hiyo yanawezekana hata kwa vyombo vya tanga. Kampuni ya Artesanía Latina ya Hispania, kwa mfano, imekuwa ikiuza kasha la mbao la jahazi la Kiarabu liitwalo Sultan. Mtu wa Afrika Mashariki akilipata, anaweza kuliachia umbo la Kiarabu au kulifanya jahazi la Lamu. Atanyoosha gubeti, ncha ya mbele ya chombo, lisimame wima, kama yalivyo majahazi ya huko, atapaka macho pande mbili za omo, na atarekebisha foromali, mti wa kushikia tanga, ibebe tanga la pembetatu la kitambaa cha pamba.

Anayetaka kazi ngumu zaidi huuendea mtepe. Chombo hicho cha Waswahili kilishonwa kwa kamba za minazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kilitoweka baharini katika karne ya 20. Modeli zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ni miongoni mwa vitu vinavyowasaidia watafiti kujua umbo lake, na mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Zanzibar. Modeli zilizotosha kubebwa kwa mikono miwili zilibeba kumbukumbu ya chombo kizima.

Vumbi, joto na nta

Dodoma ina masharti yake kwa kazi hii. Ukame unasaidia kwa upande mmoja, kwa kuwa gundi ya mbao na rangi hukauka haraka kuliko Tanga au Zanzibar. Upande wa pili ni mbao zenyewe. Mbao huvuta na kutoa unyevu hadi zilingane na hewa iliyozizunguka. Jahazi dogo lililochongwa Zanzibar na kuletwa Dodoma hunyauka kiangazi, na mishono kati ya mbao zake hufunguka. Dawa ni kuziacha mbao za kasha wazi ndani ya chumba kwa wiki kadhaa kabla ya kazi, kisha modeli ikikamilika kuipaka vanishi ndani na nje ili unyevu usiingie wala kutoka kwa kasi.

Vumbi la kiangazi ndilo adui wa rangi. Upepo wa mwezi Julai na Agosti hubeba chembe nyekundu zinazoganda juu ya rangi mbichi na kuifanya ikwaruze kama msasa. Afadhali kupaka alfajiri kabla upepo haujaamka, tabaka jembamba mara tatu badala ya zito mara moja, na kuifunika modeli kwa boksi kila tabaka linapokauka. Modeli ya plastiki isiachwe ndani ya gari juani saa sita mchana, kwani itapinda.

Vifaa vingi havihitaji kuagizwa ng'ambo. Vijiti vya mishikaki vikipigwa msasa huwa milingoti ya meli ndogo. Mabaki ya mninga kutoka karakana za samani hupasuliwa kuwa mbao za deki, na kipande cha mpingo, ambao humea kwenye ukanda huu mkavu, hutoa magurudumu ya usukani na vishikio vyeusi vinavyong'aa bila rangi. Uzi wa kushonea hugeuka kamba za meli, lakini kwanza huvutwa juu ya nta ya nyuki ili manyoya yake yalale. Na nta si bidhaa ya kutafuta mbali mtu akiwa jirani na Manyoni na Kondoa. Ribiti za Liemba, ambazo kwa 1:100 hazizidi sehemu ndogo ya milimita, hutengenezwa kwa foili ya jikoni: huwekwa juu ya kadibodi laini, hubonyezwa kwa ncha butu ya sindano kwa mstari wa rula, kisha hugeuzwa na kubandikwa ubavuni. Vinundu vinavyotokea, vikipakwa rangi, huonekana kama mabati halisi yaliyopigiliwa.

Watoto wa kanda hii wamekuwa na ujuzi wa karibu na huo siku zote. Anayetengeneza gari la waya lenye matairi ya kandambili na usukani mrefu unaokata kona anaelewa tayari jinsi kitu kikubwa kinavyosomwa na kurudiwa kwa kidogo. Anachokosa ni picha ya meli na mtu wa kumwambia taruma ni nini.

Siku ya maji

Modeli ya rafuni haihitaji zaidi ya hapo. Inayokusudiwa kuelea hupitia jaribio la beseni kabla deki haijafungwa. Mtengenezaji huiweka majini na kuipakia chubwi za ndoano, zile risasi ndogo za wavuvi, hadi mstari wa maji ufike pale ulipochorwa. Chubwi hukaa chini kabisa, juu ya mkuku, na hugawanywa ili meli isiiname omo wala tezi. Kisha huisukuma ubavuni kwa kidole. Ikirudi wima upesi, imekubali. Ikilala na kusitasita, kuna uzito mwingi juu: mara nyingi ni dohani nzito, mzinga wa risasi, au tabaka za rangi zilizozidi.

Baada ya beseni kuna Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957 kaskazini mashariki ya jiji, na mbali zaidi kuna Mtera kwenye mto Ruaha Mkuu, ambako wavuvi huteleza kwa mitumbwi. Meli ndogo hufungwa uzi mrefu, na mwenyewe hubaki nchi kavu, kwa sababu Mtera ina mamba na viboko.

Anayeanza Liemba yake sasa ana sababu ya kutogundisha kila kitu. Huko Kigoma meli yenyewe imekuwa kwenye ukarabati mkubwa, zaidi ya miaka 100 tangu iliposhushwa majini, na itakayorudi ziwani huenda isifanane kabisa na iliyoondoka. Baadhi ya watengenezaji hufunga vyumba vya juu na dohani kwa vijiti vidogo vinavyochomoka, bodi ikabaki ile ile. Mzinga wa 1915 hukaa kwenye kiboksi, umeandikwa namba yake, pamoja na dohani ya 1927.