Kilo 980 kwenye Udongo Mwekundu

Lancia Stratos, gari dogo la mashindano lililotengenezwa Italia miaka ya 1970, lilikuwa na uzito wa kilo 980 hivi. Toyota Probox, ile ambayo wengi huiita mchomoko na ambayo kutwa inabeba abiria na magunia ya maharage kati ya Kasulu, Makere na Kibondo, haiko mbali na hapo: tani moja na kidogo kabla hajapanda mtu. Kwenye mizani, basi, haya ni magari ya rika moja. Barabarani hayana undugu wowote. Stratos iliwapa Waitaliano ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976, lakini haikuwahi kushinda Safari Rally, mashindano ya Afrika Mashariki yenye udongo, vumbi na matope ya aina ambayo mkazi wa nyanda za juu za Kigoma anayajua bila kusimuliwa. Wengi hutoa jibu la haraka kwamba gari jepesi haliwezi barabara mbovu. Jibu hilo si sahihi, na mchomoko ni shahidi wa kwanza dhidi yake. Hoja yangu ni kwamba wepesi wa gari la michezo la Kiitaliano ni fadhila ya kweli, ila fadhila hiyo nusu yake iko ndani ya gari na nusu nyingine iko barabarani, na mhandisi huuza nusu ya kwanza tu.

Tuanze na uzuri wake, maana si wa kubuni. Kila kilo inayopunguzwa kwenye gari ni kilo ambayo injini haitaisukuma, breki hazitaisimamisha na tairi hazitaishikilia kwenye kona. Nguvu za injini husaidia gari likienda mbele tu, wakati wepesi husaidia likienda, likisimama na likigeuka. Ndiyo maana Stratos, yenye injini ya Ferrari Dino ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4, ilihitaji nguvu za farasi 190 tu katika toleo la barabarani ili kuwaacha wenye injini kubwa zaidi. Wepesi una faida nyingine ambayo watu wa Kasulu na Kibondo wangeihisi hata bila kuambiwa: huku juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba kuliko pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, au zaidi. Gari zito linalopanda kilima likiwa limepungukiwa nguvu hulazimika kurudi gia mbili nyuma, ilhali jepesi hurudi moja na kuendelea. Kisha kuna usukani. Kwenye gari jepesi lenye injini nyuma ya kiti cha dereva, tairi za mbele hazijabebeshwa mzigo mkubwa, kwa hiyo mikono ya dereva hupokea habari za barabara zikiwa bado mbichi. Dereva Sandro Munari alishinda rali ya Monte Carlo kwa Stratos mwaka 1975, 1976 na 1977, kwenye milima yenye lami, theluji na barafu, na pale kujua mapema kwamba tairi inaanza kuteleza ni jambo la kufa na kupona.

Lakini wepesi haudondoki kutoka mbinguni, lazima kitu kitolewe. Stratos, iliyochorwa na Marcello Gandini wa karakana ya Bertone, ilikatwa kila mahali palipokatika. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.18, mfupi kiasi kwamba gari lilipenda kugeuka hata pale ambapo dereva alitaka linyooke. Paa lilikuwa mita 1.11 kutoka ardhini, yaani chini ya kifua cha mtu mzima aliyesimama kando yake. Bodi ya mbele na ya nyuma ilikuwa ya faibaglasi, juu ya kiini cha chuma kilichowazunguka watu wawili na hakuna wa tatu. Joto la injini liliingia ndani, kuona nyuma kulikuwa kwa kubahatisha, na mizigo ilibanwa nyuma ya injini au ndani ya mifuko ya milango iliyotengenezwa kupokea helmeti. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa uzembe. Lancia ilitaka gari la kushinda rali, na ilitengeneza yasiyofika 500 kwa sababu kanuni zilidai idadi fulani iuzwe kwa umma ili gari liruhusiwe kushindana. Mtu aliyelinunua kwenda nalo kazini alikuwa, kwa maana halisi, anausaidia mradi wa watu wengine.

Sasa tazama kilichotokea barabara ilipobadilika. Safari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake haikuwa mwendo bali kufika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakamaliza tena 7. Mashindano ya namna hiyo yalikuwa yakiyapenda magari kama Volkswagen kobe, Peugeot 404 na Volvo iliyokwisha kutumika, ambayo Joginder Singh, fundi aliyekulia kwenye gereji ya baba yake nchini Kenya, aliipeleka kwenye ushindi mwaka 1965. Lancia walikuja wakijua wanakuja wapi. Waliinua gari, wakafunga vyuma vya kukinga mbele na taa zilizonyanyuliwa. Mwaka 1975 Stratos mbili zilimaliza nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari la familia ambalo katika miji mingi ya Afrika lilikuwa teksi. Mwaka 1977 Munari alimaliza wa tatu. Si matokeo ya aibu, na anayesema Stratos ilishindwa kabisa Afrika anasema uongo. Ila gari lililowanyanyasa wote Ulaya lilikuja hapa likawa moja kati ya mengi, na hilo linahitaji maelezo.

Maelezo yako chini ya gari. Pita barabara ya udongo ya nyanda hizi mwezi wa Agosti, kabla mvua hazijaanza, na utaona mikunjo midogo midogo iliyolala kukatiza njia, iliyochongwa na tairi zenyewe. Kila gari lina uzito unaokaa juu ya springi, yaani bodi, injini na watu, na uzito usiobebwa na springi, yaani tairi, rimu, breki na kipande cha ekseli. Mkunjo unapoipiga tairi, tairi hutaka kuruka, na kinachoirudisha chini ni springi inayosukumana na uzito wa juu. Juu pakiwa pepesi mno kulinganisha na tairi, ni gari zima linalotikiswa badala ya tairi kurudi ardhini, na tairi iliyoko hewani haishiki breki wala kona. Sasa, ili Stratos ihimili mawe ya Safari, ilibidi iongezewe tairi ngumu na vyuma vizito huko chini, penye madhara makubwa zaidi, huku juu ikibaki nyepesi. Mvua zikifika, kuanzia Oktoba au Novemba, tatizo hubadilika sura. Malori yanayopeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi huchimba mifereji miwili yenye upana wa ekseli zao, na katikati huacha mgongo wa udongo. Lori na Land Cruiser huupita mgongo ule bila kuugusa. Gari la chini huukalia kwa tumbo, magurudumu yote manne yakining'inia au yakizunguka bure, na hapo uzito wake mdogo una faida moja tu: vijana wanne wanatosha kulinyanyua.

Mpinzani wa hoja hii atasema: mbona Joginder Singh alishinda Safari ya 1974 na ya 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari ambalo lilipotoka kiwandani halikufika hata tani moja, na mwaka huo wa 1976 Lancer zikachukua nafasi zote tatu za kwanza? Na mbona chombo kinachotawala Kasulu na Kibondo leo ni pikipiki, yenye uzito unaozidi kidogo kilo 100, inayofika kitongoji ambacho lori halifiki? Pingamizi hili ni zito, na kwa maoni yangu linaisaidia hoja badala ya kuivunja. Lancer ilikuwa nyepesi kwa njia nyingine. Ilikuwa gari la kawaida, la urefu wa kawaida, lenye ekseli nzima nyuma juu ya springi za majani, injini mbele, bodi ya bati. Wepesi wake ulitokana na udogo na urahisi, haukutokana na kushuka chini na kukaza. Bodaboda nayo ina tairi zenye kipenyo kikubwa, injini iliyo juu ya maji ya madimbwi madogo, na zaidi ya yote inahitaji njia ya upana wa kiganja: dereva huchagua mstari, akaupita mgongo wa katikati kana kwamba umechongwa kwa ajili yake. Kipimo, basi, kiko katika kile kilichotolewa ili kupata hizo kilo. Kutoa kimo na urefu ni kukopa kutoka barabarani, na barabara za Kasulu na Kibondo hazikopeshi.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa magari haya hulipita haraka. Bati likipinda, fundi bodi wa Kasulu ana nyundo, ana gesi ya kuchomelea na ana uzoefu. Jioni gari linatembea. Faibaglasi haipindi, hupasuka. Waitaliano wenyewe wamesonga mbele zaidi: Alfa Romeo 4C, iliyouzwa kuanzia 2013 hadi 2020 na ambayo bila vimiminika ilitajwa kuwa na kilo 895, ina kiini cha nyuzi za kaboni chenye kilo 65 tu. Ni kazi ya ajabu. Mtu mmoja aweza kukinyanyua, na kikipata ufa hakuna fundi mtaani wa kukitibu, si Kigoma wala Roma.

Wengine watasema si haki kulihukumu gari la michezo kwa barabara ya Kibondo, kama vile si haki kumlaumu samaki kwa kutopanda mti. Kwa 4C nakubali kwa nusu. Kwa Stratos sikubali hata kidogo, kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya rali, na Lancia waliitamani Safari kuliko karibu taji jingine lolote. Ushahidi ni kwamba hawakuacha. Miki Biasion aliwaletea ushindi huo mwaka 1988 kwa Delta Integrale, akarudia 1989, na Juha Kankkunen akaongeza wa tatu mwaka 1991. Delta ilikuwa nzito kuliko Stratos, ndefu zaidi, ya milango mitano, yenye injini mbele na magurudumu manne yote yakivuta. Ilikuwa na umbo la gari la mwalimu mkuu. Waitaliano walishinda Afrika walipokubali kubeba kilo ambazo miaka kumi na tatu kabla walijivunia kuzikata.

Limebaki pingamizi la lami. Barabara ya Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, yenye kilomita 260 hivi, imekuwa ikijengwa kwa fedha za Serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mtu aweza kusema kwamba ile nusu ya fadhila iliyokosekana sasa inaletwa na katapila. Ni kweli kwa sehemu. Lami huja na matuta yake kila penye shule na soko, na gari lenye paa la mita 1.11 halionekani na dereva wa lori aliyeketi juu ya tairi zake. Lakini atakayeonja wepesi kwa mara ya kwanza kwenye lami hiyo ni mwenye mchomoko, na hapo ndipo ningeweka wasiwasi wangu. Watu tisa na magunia mawili ni zaidi ya nusu ya uzito wa gari tupu, na gari lililokuwa jepesi linapofika bondeni kwa kasi ambayo udongo haukuiruhusu, si jepesi tena. Springi za nyuma zinaweza kubadilishwa ziwe ngumu kwa saa chache kwenye gereji yoyote ya Kasulu. Breki za mbele hubaki zile zile ambazo mhandisi wa Japani alizikadiria kwa watu watano.