Dawa ya Pumu Inapokataliwa na Bima: Hatua za Kufuata

Mgonjwa wa pumu anaweza kuwa na kadi ya bima iliyo hai na cheti cha dawa kilichoandikwa na daktari, na bado akarudi nyumbani mikono mitupu kwa kuwa ameambiwa kwenye dirisha la dawa kwamba dawa yake hailipiwi na bima. Wengi hulipokea jibu hilo kama uamuzi wa mwisho. Mwenye chochote cha kuuza hukiuza akainunua, na asiye nacho huiacha. Hata hivyo, nyuma ya jibu hilo moja huwa kuna sababu tofauti, na kila sababu ina njia yake ya kutatuliwa.

Kwa nini dawa hii haifai kukatizwa

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Njia hizo huwa na uvimbe wa ndani hata katika siku ambazo mgonjwa hajisikii kubanwa kifua. Dawa za kuvuta kwa mdomo ni za aina mbili kuu. Ya kwanza hufungua njia za hewa kwa haraka, mfano salbutamoli, ambayo wengi huitambua kwa kikopo chake cha buluu. Ya pili hutuliza uvimbe na kuzuia mgonjwa asibanwe, mfano beklometazoni na budesonidi. Ipo pia dawa inayochanganya budesonidi na formoteroli, ambayo hutuliza uvimbe na kufungua njia za hewa kwa pamoja.

Dawa ya kuzuia huwa ghali kuliko ile ya kufungua, na hutakiwa kila mwezi. Inapokosekana, mgonjwa hubaki na kikopo cha buluu peke yake. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu salbutamoli humpa nafuu ya saa chache huku uvimbe ukiendelea. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua pekee.

Sababu za kukataliwa na njia zake

Sababu ya kwanza ni ngazi ya kituo. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu hupanga dawa kwa herufi: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na S kwa huduma za kibingwa. Dawa inaweza kuwa inalipiwa na bima, lakini isitolewe katika kituo alichokwenda mgonjwa. Ufumbuzi wake ni rufaa ya maandishi. Mwanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, anaweza kutibiwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa iwapo amefuata ngazi za rufaa. Akienda bila barua, anaweza kutakiwa kulipa fedha taslimu.

Sababu ya pili ni kuishiwa. Dawa imo kwenye orodha na kituo kinaruhusiwa kuitoa, ila ghala ni tupu. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, anapaswa kuomba fomu ya dawa zilizokosekana ili aichukue katika duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Mwanachama wa CHF aulize ni kituo gani cha umma kilicho karibu chenye dawa hiyo, kisha aombe barua ya kwenda huko.

Sababu ya tatu ni jina. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya biashara yenye bei tofauti, ilhali bima huilipia kwa jina lake halisi la kitabibu. Cheti kilichoandikwa jina la biashara kinaweza kukataliwa hata kama dawa yenyewe inalipiwa. Mgonjwa amrudie daktari na kuomba cheti kiandikwe upya.

Sababu ya nne ni kwamba dawa inahitaji kibali, au haimo kabisa katika kitita cha mafao. Kwa dawa ya kibali, daktari ndiye anayejaza maombi na kueleza dawa zilizokwisha kutumika, muda wake, na sababu za kutofaa. Maombi yenye maelezo mafupi mno huweza kurudishwa, hivyo mgonjwa ahakikishe kwamba historia yake ya kulazwa na ya kubanwa usiku imeandikwa. Ikiwa dawa haimo kwenye kitita, amwulize daktari kama ipo nyingine ya kundi hilo iliyomo.

Maswali ya kuuliza dirishani

Kabla ya kuondoka, mgonjwa au ndugu yake aulize mambo matatu: Je, dawa hii imo kwenye orodha? Ni ya ngazi gani? Imekataliwa kwa sababu gani kati ya hizo nne? Jibu liandikwe kwenye cheti au daftari la kliniki, pamoja na tarehe. Bila maandishi, kila ofisi itaanza upya.

Asiporidhika, amwone Mganga Mfawidhi wa kituo, kisha Kamati ya Usimamizi wa Kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi. Suala lisipotatuliwa, lipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Masuala ya CHF humhusu mratibu wake katika halmashauri, na ya NHIF ofisi ya Mfuko ya mkoa. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, pamoja na watoto wa chini ya miaka 5, wana haki ya msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Maofisa ustawi wa jamii huwasaidia wanaokwama.

Wakati wa kusubiri

Mgonjwa asipunguze wala kugawana dawa ya kuzuia aliyobaki nayo bila kumwuliza mtaalamu, ambaye anaweza kumpa dawa mbadala kwa muda. Aepuke moshi wa kuni, mkaa na sigara.

Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ambaye midomo yake inabadilika rangi, au asiyepata nafuu baada ya kuvuta dawa ya kufungua, apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Masuala ya kadi, rufaa na vibali yafuatwe baada ya mgonjwa kupata huduma ya dharura.