Ngome ya Pamba na Mji wa Wafu: Ziara ya Siku Moja Pamukkale na Hierapolis

Utangulizi

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii humchukulia mgeni kuwa ni heri kwa nyumba imkaribishayo. Ajapo, chungu hutelekwa, mkeka hutandikwa na mwenyeji naye hunufaika. Hata hivyo, methali haisemi mambo yatakuwaje iwapo wageni ni maelfu, wanaowasili kwa mabasi kila kukicha, na kila mmoja wao anataka kutia miguu katika maji yale yale. Makala haya yanakusudia kueleza mahali ambapo swali hilo limejibiwa kwa gharama kubwa. Mahali penyewe ni matuta ya chokaa ya Pamukkale na magofu ya mji wa Hierapolis, karibu na mji wa Denizli, kusini magharibi mwa Uturuki. Maelezo yatafuata njia ya ziara ya siku moja chini ya mwelekezi, kwa kuwa wengi wa wageni hupaona mahali hapa kwa namna hiyo.

Jina na Maana Yake

Mswahili alisomapo jina "Pamukkale" kwa mara ya kwanza, yamkini jicho lake litatua kwenye silabi za mwisho na kudhani kwamba linazungumzia mambo ya kale. Dhana hiyo haina msingi. Katika Kituruki, pamuk ni pamba na kale ni ngome. Neno hili la pili lilitoka katika Kiarabu. Pamukkale basi ni Ngome ya Pamba. Ajabu ni kwamba sehemu ya jina iliyo ngeni kwa sikio ndiyo iliyo jamaa wa Kiswahili, kwani pamuk ya Waturuki na pamba ya Waswahili hunasibishwa na asili moja ya Kiajemi. Ile sehemu inayofanana na Kiswahili, yaani kale, haina udugu wowote na kale yetu. Mwanafunzi wa isimu ana funzo hapa: mfanano wa sauti si ushahidi wa nasaba.

Jina lenyewe linasadifu. Mtu aliye bondeni hutazama juu akaona jabali lenye kimo cha karibu mita 200, jeupe pepepe, mithili ya marobota ya pamba yaliyopangwa hadi kileleni. Akikaribia, hubaini kwamba weupe ule umejipanga kwa matuta, moja juu ya jingine, kama yale yanayokinga udongo katika mashamba ya vilima vya Machakos. Tofauti ni kwamba matuta haya hayakuchimbwa kwa jembe. Yamejengwa na maji.

Jinsi Maji Yanavyojenga

Maji ya mvua hupenya ardhini, yakapashwa moto na joto la chini na kukutana na hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hiyo huyapa maji ukali wa kuyayeyusha mawe ya chokaa yanayopita. Yanapochomoza juu yakiwa na joto la takriban nyuzi 35 za Selsiasi, huwa yamebeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Yakishafika kwenye upepo na kuanza kuteremka, ile hewa hutoroka. Pasipo hewa, maji hayawezi tena kuibeba chokaa, nayo hutuama. Mwanzoni huwa laini kama uji mzito; baadaye hukauka na kuwa jiwe. Mahali ambapo maji hufurika ukingoni, hewa hutoka kwa wingi zaidi, na kwa hivyo ukingo huinuka upesi kuliko kitako. Hivyo ndivyo kila tuta linavyojifanyizia beseni lake.

Kutokana na maelezo haya, jambo moja huwa bayana. Weupe wa Pamukkale si rangi iliyopakwa mara moja ikabaki. Ni kazi isiyokoma. Tuta likikosa maji hukoma kukua na huanza kufifia. Likizidishiwa maji yaliyosimama huota mwani na kugeuka kijani. Ndiyo sababu leo maji huelekezwa kwa mifereji na kwa zamu, sehemu hii ikinyweshwa wakati ile inapumzishwa. Mgeni anayelalamika kwamba amekuta mabeseni makavu, tofauti na picha alizoziona, kwa kawaida amefika zamu ikiwa kwingine.

Kuingia kwa Mlango wa Wafu

Ziara nyingi huanzia miji ya pwani kama Antalya, Marmaris au Kuşadası. Basi huondoka alfajiri na safari huchukua saa kadhaa. Mwelekezi akilishusha kundi kwenye lango la kaskazini, watu wa kwanza kuwalaki wageni ni wafu. Makaburi ya Hierapolis ni zaidi ya 1,200, yametandazwa pande mbili za barabara kwa mwendo wa karibu kilomita mbili. Yako majeneza ya mawe, viko vilima vya mviringo, na yako makaburi yaliyojengwa kama nyumba. Wengi wa wageni hupita hapa haraka wakiyawazia maji yaliyo mbele. Wanakosa mengi, maana wafu wa Hierapolis wanasema.

Karibu na lango la mji liko kaburi la Flavius Zeuxis, mfanyabiashara. Maandishi yake yanatangaza kwamba aliizunguka rasi ya Malea, kusini mwa Ugiriki, mara 72 akielekea Italia. Hakutaja mali wala cheo. Alichagua kuhesabu safari. Kwingineko, mtu aitwaye Publius Aelius Glykon aliacha fedha kwa vyama viwili, cha watia rangi ya zambarau na cha wafumaji mazulia, ili wanachama walivishe kaburi lake taji katika sikukuu za Kiyahudi za Mikate Isiyotiwa Chachu na Pentekoste, na vilevile katika mwaka mpya wa Kirumi. Mistari hiyo michache inafunza mengi kuhusu jamii yake: ufumaji na utiaji rangi ndio uliokuwa uti wa mgongo wa uchumi, mafundi walikuwa na vyama, na imani mbalimbali ziliishi katika mtaa mmoja. Kwenye jeneza la Marcus Aurelius Ammianos, la karne ya 3 B.K., kumechongwa mtambo wa kukatia mawe kwa nguvu za maji. Wataalamu huuhesabu mchoro huo kuwa miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa mashine inayogeuza mzunguko wa gurudumu kuwa mwendo wa kwenda na kurudi.

Mji Uliojengwa Juu ya Ufa

Kwa mujibu wa shirika la UNESCO, wafalme wa Pergamoni wa ukoo wa Attalo waliuanzisha mji huu mwishoni mwa karne ya 2 K.K. kwa ajili ya maji yake ya tiba. Mwaka 133 K.K. milki ya Pergamoni ilirithiwa na Warumi. Mwaka 60 B.K., wakati wa utawala wa Nero, mtetemeko wa ardhi uliuangusha mji, nao ukajengwa upya kwa fahari kubwa zaidi. Lango lenye matao matatu na minara miwili ya mviringo hunasibishwa na gavana Julius Frontinus, mtu yule yule aliyekuja kuandika kitabu mashuhuri kuhusu mifereji ya maji ya mji wa Roma. Ukumbi wa michezo ya kuigiza, uliokitwa kwenye mteremko, bado unaonyesha jukwaa lake lenye nakshi za miungu.

Kwa nini mji uangushwe mara kwa mara? Jibu liko katika chanzo kile kile cha neema yake. Hierapolis umekaa juu ya ufa wa ardhi. Ufa huo ndio njia ya maji moto kupanda, na ufa huo huo ndio unaoleta mitetemeko. Mji ulitikiswa na kuinuka mara nyingi, hadi hatimaye ukahamwa kabisa katika karne ya 14. Aliyeupa uhai ndiye aliyeuua.

Lango la Kuzimu

Ufa ule una zawadi ya tatu, nayo ni ya kutisha. Karibu na hekalu la Apolo palikuwa na tundu lililoitwa Plutonio, lililoaminiwa kuwa mlango wa kuendea kwa Pluto, mungu wa wafu. Mwanajiografia Strabo, aliyefika huko, alieleza kwamba mafahali walioingizwa humo walianguka na kufa, na kwamba yeye mwenyewe alirusha shomoro wakafa papo hapo. Lakini makuhani matowashi wa mungu wa kike Kibele waliingia wakatoka wazima. Kwa karne nyingi masimulizi haya yangeweza kudhaniwa kuwa ngano tupu.

Mwaka 2013 wanaakiolojia wa Italia wakiongozwa na Francesco D'Andria walitangaza kwamba wamelitambua tundu hilo. Mwaka 2018 utafiti wa Hardy Pfanz na wenzake ulichapishwa ukieleza siri yake. Kaboni dioksaidi hutoka ufani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutanda chini kama ziwa lisiloonekana, hasa usiku na alfajiri pasipo jua wala upepo. Mnyama ambaye pua yake iko chini huzama humo. Mtu aliyesimama wima kichwa chake huwa juu ya ziwa lile. Strabo mwenyewe alikuwa ametambua kwamba makuhani walizuia pumzi zao.

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kutua hapa. Masimulizi yalihifadhi ukweli wa tukio hata pale ambapo fasiri yake ilikuwa ya miungu. Kosa lingekuwa kuyatupa yote kwa sababu ya fasiri, na kosa jingine lingekuwa kuikubali fasiri kwa sababu tukio lilikuwa la kweli. Hekaya nyingine za mahali hapa hazina bahati hiyo. Bwawa la kale ambamo wageni huogelea juu ya nguzo za marumaru zilizoangushwa na mtetemeko huitwa Bwawa la Kleopatra, ilhali hakuna ushahidi wa kihistoria kwamba malkia huyo wa Misri aliwahi kuoga humo. Mwelekezi mwadilifu husimulia hekaya na kuiita hekaya.

Mtumwa Asiyeandika

Kuna jina ambalo ziara ya siku moja hulisahau mara nyingi. Mwanafalsafa Epikteto alizaliwa Hierapolis yapata mwaka 50 B.K., akawa mtumwa mjini Roma, na baada ya kuachwa huru akafundisha Ugiriki. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu. Mafundisho yake yalinukuliwa na mwanafunzi wake Ariano, naye akatuachia kumbukumbu ya sauti ya mwalimu. Kiini cha mafundisho hayo ni kwamba mwanadamu atenge yaliyo katika uwezo wake na yasiyo katika uwezo wake. Mtoto wa mji unaotetemeka alikuwa na sababu ya kuanzia hapo.

Wageni Walipokuwa Tishio

Katika karne ya 20 mahali hapa palikaribia kuangamizwa, na safari hii si kwa mtetemeko. Hoteli zilijengwa juu ya jabali, katikati ya magofu. Maji yaliyostahili kuteremka kwenye matuta yalielekezwa kwenye mabwawa ya wageni, na barabara ya lami ikapitishwa juu ya chokaa. Watu walitembea na viatu juu ya mawe ambayo hayajakomaa. Matuta yakaanza kuchakaa na kupoteza weupe wake.

Mwaka 1988 UNESCO iliiorodhesha Hierapolis-Pamukkale kuwa Urithi wa Dunia. Katika miaka ya 1990 hoteli zilizokuwa juu zilibomolewa na barabara ikafungwa. Mahali ilipopita pakafanyizwa mabeseni ya kubuni ambayo wageni hupita leo. Sharti likawekwa kwamba atakayekanyaga chokaa avue viatu. Mgeni ambaye mwelekezi hakumweleza haya huliona sharti hilo kuwa usumbufu, hasa wakati wa baridi. Aliyeelezwa huona kwamba anakanyaga juu ya kosa lililorekebishwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Pamukkale na Hierapolis si vivutio viwili vilivyokutana kwa sadfa. Ufa mmoja ndio uliozaa maji, matuta, mji, mitetemeko na lango la kuzimu. Ziara inayovitenganisha, ikawapa wageni saa tatu za maji na dakika kumi za magofu, huwarudisha na picha pasipo maelezo.

Suala hili halituhusu kwa mbali. Mwaka 2024 magofu ya Gede, katika pwani ya Kenya, nayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wataongezeka, na baadhi ya watakaowaongoza watatoka katika madarasa ya Kiswahili. Watahitaji kujua majina na nasaba zake, kuipambanua hekaya na historia bila kuidharau yoyote, na kuwa na ujasiri wa kumwambia mgeni mahali pa kutokanyaga. Methali yetu ingali kweli, mradi isomwe pamoja na wajibu wake: mgeni na aje, ila avue viatu mlangoni, na mwenyeji awepo wa kumweleza kwa nini.