Foleni ya malori mpakani ina hesabu yake

Mwaka 1955 Mmarekani John Little alipata MIT shahada ya udaktari inayotajwa kuwa ya kwanza katika fani ya hesabu za uendeshaji. Tasnifu yake ilihusu maji ya kuzalisha umeme, si malori. Hata hivyo, kanuni aliyoithibitisha mwaka 1961 inamfaa msafirishaji aliyekwama Tunduma: idadi iliyo kwenye foleni ni sawa na wanaofika kwa saa, mara saa za kusubiri.

Tuseme kila saa yanafika malori 10 na kuvuka 10, na foleni ina malori 120. Kila lori litakaa hapo wastani wa saa 12. Mwenye nyanya anaweza kupiga simu mpakani, akauliza idadi hizo kabla ya kupakia. Mfumo wa kompyuta wa forodha ukizimika, hesabu ianze upya.