Besi Nene Haitokani na Wingi wa Wati

Everett Hull, mpiga besi aliyeasisi kampuni ya Ampeg huko Marekani, hakuvumilia sauti inayokwaruza. Alitaka amplifaya itoe kile kile kilichopigwa, kikiwa safi. Mwaka 1960 kampuni yake ilitoa B-15, kazi ya mbunifu Jess Oliver: wati 25, spika moja ya inchi 15, na kichwa kinachopinduliwa na kuzamishwa ndani ya boksi wakati wa safari. Wapiga besi waliipenda, na wengi wao waliipenda zaidi walipoifungulia kupita pale alipotaka Hull. Sauti ilianza kunenepa na kupata joto fulani ambalo mpaka leo wanunuzi huliulizia madukani.

Joto hilo lina chanzo kinachopimika. Umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa hukuzwa na valvu, vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo vifanye kazi. Valvu ikisukumwa hadi ukingoni haigomi ghafla. Kilele cha wimbi la sauti hubonyea taratibu, na katika kubonyea huko huzaliwa haramoni, yaani sauti ndogo za juu zinazoandamana na noti yenyewe. Uzi ukichapwa kwa nguvu sauti haipai sana, inashiba. Transista ikifika mwisho wake hulikata wimbi kama panga, na sikio hulalamika papo hapo. Kuna pia transfoma ya kutolea sauti: mfumo wa valvu hauibani spika sawasawa na transista inavyoibana, kwa hiyo spika hubaki ikitikisika kidogo zaidi na noti za chini husikika pana.

Sharti, basi, ni valvu kusukumwa. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Mwaka 1969 Ampeg hiyo hiyo ilileta SVT, dude la wati 300 lenye valvu 14, na Rolling Stones wakawa miongoni mwa wa kwanza kuzunguka nalo katika ziara yao ya Marekani mwaka huo. Lilitengenezwa kwa ajili ya kumbi kubwa. Ukiliweka kwenye baa ya hoteli au kanisa la waumini mia mbili, valvu zake za nguvu zitakuwa zinasinzia usiku kucha, na mpigaji atakuwa amebeba zaidi ya kilo 35 za kichwa peke yake bila kupata alichokifuata. Ikumbukwe kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida huigundua kwa shida. Mwenye wati 50 za valvu hajapitwa mbali sana na mwenye 100. Kwa ukumbi mdogo, wati 30 hadi 50 hutosha kabisa, ilimradi mpiga ngoma awe muungwana. Akiwa mtu wa kubamiza, afadhali kupanda hadi wati 100, kama zilivyo Ampeg V-4B. Sauti ikihitajika nje ya jukwaa, maikrofoni mbele ya spika itaipeleka kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti.

Maandishi ya mbele ya mashine nayo yasomwe kwa makini. Amplifaya nyingi zinazouzwa kwa jina la valvu huwa na valvu moja tu kwenye hatua ya kwanza, mara nyingi ya aina ya 12AX7, kisha nguvu zote hutoka kwa transista. Huo si utapeli, kwa kuwa valvu hiyo huweza kuongeza ladha, lakini mnunuzi ajue analipia nini.

Boksi la spika ndilo hupuuzwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu lina uzito zaidi kuliko valvu. Boksi mashuhuri la SVT lenye spika nane za inchi 10 hushusha sauti kuanzia karibu hezi 58 kwenda chini, na halifiki mbali juu ya hezi 5,000. Uzi wa E ulio wazi una hezi 41. Maana yake ni kwamba sehemu ya chini kabisa ya noti hiyo hutoka ikiwa imefifia, na ubongo huijaza wenyewe kutokana na haramoni zilizo juu yake. Mwenye boksi lenye twita, spika ndogo ya sauti za juu, aizime kwanza kabla hajakimbilia kununua kichwa kingine. Huenda tatizo lake likaishia hapo.

Wakati mwingine hata amplifaya haihusiki. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown mjini Detroit, alitumia B-15 kwenye vilabu. Studioni besi yake iliingia moja kwa moja kwenye mitambo, bila amplifaya mbele yake. Unene wa sauti yake ulitoka kwenye nyuzi nene bapa ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, sponji chini ya mfuniko wa daraja, na kidole kimoja cha shahada.

Kwa hiyo mpigaji anayeingia kwenye mikisa kila wiki aanze na nyuzi, kisha atafute kisanduku cha miguuni kama SansAmp Bass Driver, kinachoiga tabia ya valvu bila kuwa nayo. Vichwa vyepesi kama Aguilar Tone Hammer 500, visivyofika kilo 2, vina mzunguko wa namna hiyo pia.

Dukani, mnunuzi aende na gitaa lake. Vitufe vyote viwe katikati. Apige G ya chini, freti ya tatu kwenye uzi wa E, kwanza kwa ncha ya kidole, kisha kwa nguvu, huku akipandisha sauti hadi kiwango anachopigia kazini. Noti ya pili ikiruka tu bila kunenepa, mashine hiyo ni kubwa mno kwake au haina anachokitafuta.

Anayenunua iliyotumika kutoka Marekani aanze kwa kusoma kibandiko cha nyuma. Ikiwa ya volti 120 na kuchomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, ambako umeme ni volti 230 hadi 240, fyuzi itakatika akiwa na bahati, na transfoma itaungua akiwa hana. Amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika kuunganishwa, na omu za boksi zilingane na swichi ya nyuma. Valvu za nguvu huchoka na kubadilishwa na fundi anayejua kupima mkondo wake. Ndani kuna mamia ya volti, na kapasita huweza kuendelea kuyashikilia hata baada ya plagi kuchomolewa.