Saa Iliyozimika Si Saa Iliyopoa

Huenda katika masanduku ya wazee wetu zikapatikana saa za zamani ambazo tarakimu zake ziling'aa usiku. Leo hazing'ai tena, na mtu hudhani ya kuwa dawa yake imekwisha nguvu. Sivyo, na yafaa tujue sababu.

Rangi ile ilichanganywa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni radiamu, madini yaliyogunduliwa mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie huko Ufaransa. Sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani baada ya mwaka 1922 ilitoka hapa hapa Afrika: mawe yake yalichimbwa Shinkolobwe, Katanga, yakasafishwa Olen, Ubelgiji. Cha pili ni unga wa salfaidi ya zinki. Radiamu yenyewe haikuwa taa. Kazi yake ilikuwa kurusha chembe ndogo mno ziitwazo alfa, na kila chembe ilipoupiga unga ule, unga ulitoa kimwanga.

Basi, kwa nini mwanga ulikoma? Fikiri juu ya ngozi ya ngoma. Kila pigo hutoa mlio, na kila pigo huichakaza ngozi. Ndivyo ilivyo kwa unga huu. Atomu zake zimepangwa kwa taratibu, na chembe za alfa huzisukuma nje ya mahali pake. Mpango ukivurugika, unga hupigwa lakini hauangazi tena. Kwa miaka michache tu rangi hufifia, kisha huzimika.

Lakini mpigaji ngoma hajachoka! Radiamu hupungua nusu yake kwa muda wa miaka 1600 hivi. Saa iliyopakwa miaka 100 iliyopita bado ina zaidi ya sehemu 95 katika kila 100 za radiamu yake. Kilichokufa ni unga, si mionzi.

Madhara yake yalijulikana kwa uchungu. Huko Orange, New Jersey, Marekani, tangu mwaka 1917 wasichana walipaka saa rangi hiyo, wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, kwa kuwa waliambiwa haidhuru. Radiamu waliyoimeza ilikwenda kukaa mifupani mwao. Taya zilioza, na wengi walikufa. Grace Fryer na wenzake wanne waliishitaki kampuni, U.S. Radium Corporation, na mwaka 1928 ikakubali kuwalipa.

Jambo hili la mwanga kuharibiwa na mionzi halikuisha pamoja na saa zile. Wataalamu wa leo hupima mionzi kwa plastiki zilizotiwa rangi ing'aayo. Hizo nazo, zikipigwa na mionzi mingi, hugeuka manjano na kufifia. Kwa hiyo hupimwa mara kwa mara, ili chombo kilichochakaa kisije kikasema mionzi ni kidogo kumbe ni mingi.

Saa mpya hazipakwi radiamu. Bali ukiikuta ya zamani, usiifungue wala usiikwangue tarakimu zake, maana vumbi lake likivutwa au kumezwa ndipo hatari ilipo. Usimpe mtoto aichezee. Giza la saa ile si dalili ya usalama.